Tone moja nyuma ya pakingi: tulichojifunza katika kulainisha na kutunza brashi ya hewa

Kitufe cha brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha mkononi kinachopuliza rangi kwa hewa iliyobanwa, kikianza kurudi kwa uvivu, karibu kila mtu hukimbilia kopo la mafuta ya kupuliza, yale ya bawaba za milango na minyororo ya baiskeli. Wengi wetu tulianza hivyo. Kitufe hulainika papo hapo, kazi ikaendelea. Halafu, kwenye tabaka la pili au la tatu, rangi hukataa kukaa. Hujikusanya pembeni na kuacha vishimo vidogo vya mviringo mfano wa macho ya samaki, na kila ukivipulizia tena vinafunguka upya. Kinachobaki ni kusugua yote kwa msasa, kuosha na kuanza mwanzo.

Aghalabu mharibifu ni silikoni iliyomo kwenye mafuta ya aina hiyo. Chembe yake isiyoonekana kwa macho ikifika kwenye kazi, rangi hushindwa kutanda juu yake. Kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingi kitufe hakikuwa kimekwama kwa kukosa mafuta. Kilikwama kwa sababu rangi ilivuja, ikapita mahali isipotakiwa kupita, ikakauka humo ndani. Mafuta yaliifunika tu kwa siku chache.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia ni mafuta gani na kiasi gani, lazima mtu aujue mpaka.

Mpaka wenyewe

Chukua brashi ya kawaida ya vitendo viwili yenye kikombe juu: ukibonyeza kitufe unatoa hewa, ukikivuta nyuma unatoa rangi. Sindano inapita katikati ya mwili wote, kutoka kwenye ncha ya nozeli, yaani kimdomo chembamba cha kutolea rangi, hadi ndani ya mpini. Mbele kuna nozeli, kofia ya nozeli, na taji linalokinga ncha ya sindano. Nyuma yake kuna kikombe. Nyuma kidogo ya kikombe, ndani kabisa, kuna kipete kidogo ambacho sindano hupenya katikati yake, kinachobanwa na skrubu yenye tundu. Hiyo ndiyo pakingi ya sindano. Nyuma yake kuna chumba cha kitufe, mkono mdogo unaosukumwa na kitufe, bomba lenye springi, na mwishoni nati inayobana sindano. Chini ya kitufe kuna valvu ya hewa.

Pakingi ndiyo mpaka. Mbele yake ni makazi ya rangi, nyuma yake ni makazi ya mafuta. Rangi ikivuka kwenda nyuma, kitufe kinaganda. Mafuta yakivuka kwenda mbele, kazi inaharibika. Karibu kila hitilafu ya ulainishaji tuliyowahi kuhangaika nayo ilitokana na kimoja kati ya hivyo viwili kuvuka. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yanajijibu yenyewe.

Siku za mwanzo

Brashi mpya huweza kuja na mabaki ya mafuta ya kiwandani. Ifungue, osha sehemu za mbele kwa dawa ya kusafishia brashi ya hewa, kausha, kisha ndipo utie rangi. Kabla ya kufungua chochote piga picha za kila hatua. Tandaza kitambaa cheupe mezani, na kama unafanyia karibu na sinki, ziba tundu lake. Nozeli ya milimita 0.3 ni ndogo kuliko punje ya mchele na ikidondoka hailii.

Hofu ya kufungua ni ya kweli na hatuidharau. Wapo wanaokaa miezi bila kuchomoa sindano kwa kuogopa kuharibu, wakiamini kupuliza maji kidogo kunatosha. Rangi ya akriliki ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji. Inajenga tabaka baada ya tabaka kwenye sindano na ndani ya nozeli, na siku ya kufungua inafika ikiwa imechelewa.

Utaratibu wa kila mwisho wa kazi ni mfupi. Mwaga rangi iliyobaki, tia nusu kikombe cha maji kwa rangi za maji au thina (kiyeyusho cha rangi) inayoendana na rangi yako, sugua kuta za kikombe kwa brashi laini, puliza yote kwenye chombo cha kusafishia chenye kifuniko na chujio. Tia tena. Safari hii shusha presha ya hewa hadi psi 10 au 15 (psi ni kipimo cha presha), ziba taji kwa kitambaa, bonyeza na vuta kitufe taratibu: hewa itarudi nyuma na kububujika kikombeni, ikisukuma rangi iliyojificha. Usijaze kikombe na usivute kwa pupa, la sivyo uchafu wote utakurukia usoni. Maliza kwa dawa ya kusafishia hadi kinachotoka kiwe kama maji. Vaa barakoa yenye chujio la mvuke unapopuliza thina, fungua madirisha, na moto wowote uwe mbali.

Kisha fungua mpini, legeza nati na chomoa sindano kwa nyuma. Ifute ukianzia kwenye unene kuelekea kwenye ncha, ukiizungusha vidoleni. Ukifuta kinyume, ncha itanasa kwenye kitambaa na kupinda, au itakuingia kidoleni.

Neno moja kuhusu alkoholi: inasafisha vizuri, lakini baadhi ya rangi za akriliki zikikutana nayo hugeuka uji mzito ndani ya nozeli. Jaribu kwanza matone mawili kwenye kifuniko cha kopo. Dawa zenye amonia nazo zinang'arisha haraka, ila tusingeacha brashi ilale ndani yake, kwa kuwa amonia hula shaba, na miili mingi ni ya shaba iliyopakwa kromu.

Mafuta gani, na kiasi gani

Tumia kilainishi kilichotengenezwa kwa ajili ya brashi za hewa. Iwata wanauza chao kwa jina la Super Lube, Badger wana Regdab, ambalo ni jina lao limeandikwa kinyumenyume. Chupa moja ndogo hudumu muda mrefu sana, maana kinachotakiwa ni tone lenye ukubwa wa kichwa cha pini. Kwa anayepuliza rangi za maji pekee, gliserini safi inafaa kwenye sindano na kitufe. Inayeyuka katika maji, hivyo masalia yake ni rahisi kuyaosha. Ila haikai muda mrefu, itabidi uirudie mara kwa mara.

Mafuta ya kula yaache jikoni. Yakikaa hewani yanageuka gundi. Mafuta mazito ya mgando yanayotokana na petroli nayo huvimbisha baadhi ya aina za mpira, na oringi, yaani kipete cha mpira kinachozuia mvujo, ikishavimba haitelezi.

Sindano kwanza. Weka tone katikati ya mwili wa sindano, sehemu inayopita kwenye pakingi, lisambaze kwa vidole viwili hadi ubaki ute mwembamba usioonekana, kisha futa mbele yote kwa kitambaa kikavu, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ncha. Rudisha sindano kwa nyuma, taratibu, hadi ukaihisi imegusa nozeli. Usiisukume zaidi ya hapo. Nati ikazwe kwa vidole tu.

Kitufe ni cha pili. Kichomoe, ufute mguu wake na pini ya valvu chini yake, upake ute kidogo pale chuma kinapogusana na chuma. Mkono mdogo wa nyuma ya kitufe upate tone pale unapoegemea. Springi na bomba lake vipate ute mwembamba, nyuzi za mpini na za nati kidogo sana ili siku nyingine zifunguke bila koleo. Ukiona mafuta yanang'aa, umezidisha. Mafuta ya ziada hukusanya vumbi na chembe za rangi hadi yawe tope, na tope hilo linakwamisha kitufe kuliko ukavu.

Ndani ya nozeli hakuna mafuta. Kabisa.

Mara ngapi? Sindano, kila unapoifungua yote na kuiosha kwa thina, kwa sababu thina imeondoa kilichokuwepo. Kitufe na springi, unapohisi msuguano. Valvu, inapodai yenyewe. Ratiba za tarehe hazitusaidii sana hapa. Mtu anayepuliza kila siku na anayepuliza mara moja kwa mwezi hawawezi kufuata kalenda moja.

Kitufe kimekwama: jaribio la kuchomoa sindano

Hapa ndipo muda mwingi unapotea, maana hitilafu tatu tofauti zinafanana mkononi. Kabla ya kulainisha chochote, chomoa sindano yote na ucheze na kitufe bila hiyo.

Kikicheza vizuri, tatizo liko kwenye sindano au pakingi: rangi imekaukia hapo, au pakingi imekazwa kupita kiasi. Kikibonyea lakini hakipandi, angalia valvu ya hewa. Kikivutwa nyuma na hakirudi, ni springi, bomba lake, au mkono mdogo. Jaribio hili halifiki dakika moja, na tungelijua mapema tusingebadilisha springi zilizokuwa nzima.

Pakingi inahitaji subira. Skrubu yake iko ndani ya chumba cha kitufe, ikihitaji bisibisi nyembamba ndefu. Ondoa kitufe na mkono wake, ingiza sindano kutoka nyuma ipite kwenye pakingi, halafu kaza skrubu robo ya robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, ukiichezesha sindano mbele na nyuma. Unatafuta msuguano mwepesi, sindano iteleze lakini ihisi imeshikwa. Simama hapo. Ukizidisha, pakingi inabonyea, springi inashindwa kuirudisha sindano, na rangi inaendelea kutoka hata ukiachia kitufe. Ukilegeza, rangi inapenya nyuma na hewa nayo hupata njia ya kuingilia, mpulizo ukawa wa kudundadunda. Kupima, tia maji kikombeni, acha dakika tano, kisha chungulia chumba cha kitufe. Kikiwa kikavu, umepatia. Kikiwa na unyevu, kaza kidogo tena. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, pakingi imechakaa na haiponyeki kwa mafuta.

Pakingi nyingi za sasa ni za tefloni na hazijali thina. Nyingine bado ni oringi za mpira wa kawaida, na hizo thina ya laka au asetoni inazivimbisha. Jua yako ni ipi kabla ya kuchagua dawa.

Makosa ya gharama kubwa

Nozeli na sindano ndizo vipuri vinavyokula pesa, na vyote viwili huharibiwa zaidi na mikono yetu kuliko na kazi. Nozeli ya skrubu ikazwe kwa vidole hadi ikome, kisha spana ndogo inayokuja na brashi iiguse tu, chini ya moja ya nane ya mzunguko. Nyuzi zake ni laini na shingo ni nyembamba. Ukiongeza nguvu inakatika, nusu inabaki ndani ya kichwa cha brashi, na kuitoa ni kazi ya kuchosha inayoweza kuharibu kichwa chenyewe. Kama mapovu yanatoka kikombeni na unadhani nozeli haijakaza, usiongeze nguvu: paka nta ya nyuki kidogo sana kwenye nyuzi zake, au kagua oringi ya kichwa kama ipo. Mapovu maana yake ni hewa inarudi ndani ya njia ya rangi, na hupitia kwenye nyuzi, kwenye oringi iliyochoka, au kwenye ufa wa ncha ya nozeli. Kwa brashi zenye nozeli isiyo na skrubu, inayojikalisha yenyewe, kama zile za Harder & Steenbeck, hatari ya kukata nyuzi haipo, lakini kuiponda kwa kusukuma sindano kwa nguvu ipo palepale.

Siku zote rudisha sindano nyuma kabla ya kugusa nozeli, na wakati wa kufunga, nozeli itangulie, sindano imalizie. Wala usitumie sindano kukwangulia rangi iliyokaukia ndani kwa kuizungusha. Hiyo hupanua ncha ya nozeli kama mdomo wa tarumbeta, au huipasua. Loweka nozeli peke yake kwenye dawa kwa dakika 10 hadi 20, kisha tumia kijiti laini cha kusafishia. Iangalie kwa lenzi: mduara wa ncha uwe kamili, usio na mstari.

Ncha ya sindano ikipinda, mpulizo unaelekea upande mmoja na matone yanaanza kurukaruka. Usiivute hivyo hivyo. Ile ndoano itachana nozeli ikipita na kukwaruza pakingi. Toa taji, nyoosha ncha kadiri uwezavyo kwa kuisukuma taratibu dhidi ya bapa la chuma laini, ndipo uichomoe. Ilaze kwenye kioo, ncha ikiwa bapa, uizungushe huku ukiibonyeza kwa kucha. Malizia na msasa wa namba 2000 wenye maji, ukivuta kuelekea nchani huku ukizungusha. Mkunjo mdogo unapona kabisa. Ncha iliyovunjika haiponi, na sindano mpya lazima iwe ya kipimo cha nozeli yake: 0.3 kwa 0.3, 0.5 kwa 0.5.

Kosa jingine linalovunja moyo ni kulaza brashi nzima kwenye kopo la thina usiku kucha. Asubuhi nje inang'aa. Ndani, rangi iliyoyeyuka imesambaa hadi kwenye chumba cha kitufe na valvu, mafuta yote yamekwenda, na oringi zimevimba. Loweka vipande vya mbele tu, vya chuma, kwa muda mfupi. Hata mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, ambayo ni msaada mkubwa, iwekewe vipande vilivyofunguliwa na kutolewa oringi, kwa dakika chache. Kila kitakachotoka humo hakina mafuta tena, kwa hiyo kilainishwe kabla ya kufungwa.

Valvu ya hewa

Hewa ikivuja bila kubonyeza kitufe, kuna uchafu kwenye kikalio cha valvu au oringi imechoka. Toa skrubu iliyo chini. Springi na pini vitatoka, angalia mpangilio. Futa, weka ute kwenye pini na kwenye oringi, funga. Oringi ndogo iliyo ndani itolewe kwa kijiti cha mbao. Sindano ya chuma hukwaruza ukuta na kuacha mvujo wa kudumu. Kama valvu haina tatizo, tunashauri uiache. Kuifungua kwa udadisi ndiko kunakopoteza vipuri vyake.

Na kabla ya kulaumu valvu au nozeli kwa matone yanayoruka, mwaga maji yaliyokusanyika kwenye mtego wa unyevu wa kompresa. Hewa iliyobanwa hutoa unyevu ikipoa bombani, na tone la maji likitoka pamoja na rangi linafanana kabisa na nozeli chafu. Tumewahi kufungua brashi safi mara tatu kwa sababu ya maji.

Kuihifadhi

Kama brashi itakaa wiki kadhaa, ioshe kama ilivyoelezwa, ikaushe kwa hewa, lainisha, kisha urudishe sindano nyuma milimita chache ndipo ukaze nati. Sindano iliyokaa imegusana na nozeli kwa muda mrefu hunata kwa masalia kidogo tu, na kuing'oa kwa nguvu kunaweza kuichana nozeli. Taji libaki mahali pake, brashi ilazwe kwenye sanduku, isisimamishwe ncha ikiwa chini.

Siku ya kuitoa, sogeza sindano mbele taratibu hadi ikae kwenye nozeli, tia matone kumi ya thina safi kikombeni na puliza kwenye karatasi nyeupe kwa psi 20. Subiri doa likauke, kisha liinue kwenye mwanga. Likiacha duara la mafuta linalopitisha mwanga, osha na upulize tena. Likikauka bila alama, tia rangi.